Je, Wajua? Farasi wa Kwenye Simu na Punda wa Mtaani

Sogea hapa barazani, mpishe na mwenzako. Leo ni zamu ya farasi: wale wa kwenye gemu, ambao watoto wa Mji wa Kale huwapiga burashi, huwalisha na kuwapanda kwa kidole kwenye simu ya mama, na wale wa nyama na damu. Tega sikio!

Je, wajua kwamba katika gemu ya Minecraft mtoto wa farasi hukua akawa mkubwa kwa dakika 20 tu? Farasi wa kweli hubeba mimba miezi 11, na mwanawe huhitaji miaka kadhaa kabla ya kupandwa. Ila akishazaliwa hapotezi wakati: ndani ya saa moja au mbili ameshasimama kwa miguu yake minne. Wewe ilikuchukua karibu mwaka mzima!

Na ukimpandisha farasi na punda katika gemu hiyohiyo, unapata baghala asiyezaa. Unadhani waundaji wamejitungia? Hata! Farasi ana kromosomu 64, punda 62, na baghala wa kweli hupata 63, ndiyo maana ni nadra mno baghala kuzaa.

Sasa simamisha gemu wakati farasi anapiga shoti, umtazame miguu. Je, wajua kwamba mpaka 1878 watu walikuwa wakibishana kama miguu yote minne huachana na ardhi kwa pamoja? Mwaka huo, huko California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia, farasi akazipita mbio, na ubishi ukaisha: naam, huruka! Tena huruka miguu ikiwa imekunjwa chini ya tumbo, sivyo kabisa walivyozoea kumchora wachoraji.

Wasweden waliounda Star Stable waliiweka gemu yao kwenye kisiwa cha kubuni kiitwacho Jorvik, na huko farasi wamejaa tele. Na kisiwa chetu cha Mombasa je? Hapa ndipo utamu unapoanzia.

Je, wajua kwamba zaidi ya miaka 1,000 iliyopita watu wa pwani hii walitandika ng'ombe? Al-Masudi, mwenyeji wa Baghdad aliyesafiri bahari hii katika karne ya 10, aliandika kwamba Wazanji, ndivyo alivyowaita, hawakuwa na farasi, baghala wala ngamia. Ng'ombe wao walivishwa tandiko na hatamu, wakapelekwa vitani, wakikimbia kama farasi! Gemu ya ng'ombe wa mbio, nani ataiunda? Mimi nitakuwa wa kwanza kuinunua.

Unauliza farasi walishindwa na nini? Mdudu! Ukimwacha mbung'o, yuko usubi, mdogo kuliko mbu, anayeeneza virusi vya maradhi ya farasi. Yakishika mapafu, hadi farasi 95 kati ya 100 wanaweza kufa. Pundamilia hubeba virusi hivyohivyo wala haumwi! Mwaka 1571 Mreno Francisco Barreto alifika Sena, kando ya mto Zambezi, na farasi wake wakaanza kufa. Wareno wakawasingizia wafanyabiashara Waislamu wa pale kwamba wamewatilia sumu, wakawaua. Yaliwakuta wasiyoyatenda.

Pasipo farasi, watu walisafirije? Je, wajua kwamba miaka 100 na ushei iliyopita Mombasa ilikuwa na vigari vya reli visivyo na injini wala mnyama? Abiria alikaa chini ya kivuli, na wanaume wakamsukuma kwa mbio kutoka mjini hadi Kilindini. Jasho la watu, bwana!

Sikia hii nyingine. Je, wajua kwamba rais wa Marekani aliwahi kuletewa farasi kutoka huku kwetu? Mwaka 1840 merikebu Sultana ya Sayyid Said, sultani wa Unguja, iliondoka Unguja, ikatia nanga New York, na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman akashuka na farasi wawili wa Kiarabu wa kumpa Rais Martin Van Buren. Sheria haikumruhusu rais kuichukua zawadi ile iwe yake, farasi wakanadiwa!

Binti wa Sayyid Said, Salme, aliyezaliwa 1844, alisimulia katika kitabu chake cha 1886 jinsi watoto wa jumba la Mtoni, Unguja, walivyofunzwa kupanda wanyama tangu wadogo. Wakishamudu, wavulana walijichagulia farasi, na wasichana walipewa punda wakubwa weupe kutoka Maskati. Usiwaonee huruma wasichana! Punda wale, asema Salme, mara nyingi walikuwa ghali kuliko farasi wa kawaida.

Turudi kwenye simu. Gemu inakwambia umpe farasi maji, unabonyeza mara moja, basi. Wa kweli hunywa lita 20 hadi 40 kwa siku, yaani mpaka mitungi miwili ya mwuza maji, na jua likiwaka hutaka zaidi! Je, wajua kwamba farasi hawezi kutapika? Akila kibaya au kupita kiasi, kimeshaingia hicho, ndiyo maana hulishwa kidogo kidogo kutwa nzima. Tena husinzia wima, viungo vya miguu vikijikaza vyenyewe asianguke, ingawa usingizi mzito humlazimu alale chini.

Na zile kwato ambazo gemu hukuamuru uzichokoe? Hukua karibu sentimita 1 kila mwezi, sawa na kucha zetu zikikimbizwa mara tatu! Huchokolewa kutoka kisigino kwenda mbele, taratibu, kwa sababu katikati pana sehemu laini ya pembe tatu, na kijiwe kikijibana pembeni yake mnyama huchechemea. Mtazame punda wa mkokoteni akiinua mguu: pembe tatu ileile utaiona.

Je, wajua kwamba punda wa Lamu wana kliniki yao tangu 1987? Ilifunguliwa na shirika la Donkey Sanctuary la Uingereza, na matibabu ni bure. Hupewa dawa za minyoo na kusafishwa vidonda. Mji ule hauna nafasi ya magari vichochoroni, kwa hiyo mchanga, mawe na saruji ya nyumba hupita mgongoni mwa punda.

Halafu siku ya mashindano, punda haohao hupigwa mbio kandokando ya bahari, vijana wamewapanda bila tandiko, na umati umejaa ukutani ukipiga kelele. Kama una jamaa Lamu, mpigie leo umuulize tarehe!