Huyu Mbwia Unga ni Mtoto wa Nani?

Katika mji wetu wa Unguja ni nadra kuupata mtaa usiomjua kijana wa unga. Twampita barazani amejikunja, shingo imelegea, tukasema "teja huyo", kisha twaenda zetu. Ni mara chache mmoja wetu huuliza: huyu ni mtoto wa nani? Mimi swali hili niliulizwa na mama yake mwenyewe, na ndilo lililonifanya niishike kalamu.

Bibi huyo, naye ni mjane, alinijia chuoni baada ya alasiri, watoto wamekwisha kutawanyika. Akasema, "Maalim, sikuja kuombewa dua. Dua naomba mwenyewe usiku. Nimekuja kukuuliza, yule uliyemsomesha wewe mpaka Tabaraka, leo si mwanao tena?" Sikuwa na jawabu, kwani nilikwisha kuwakataza wanafunzi wangu hata kumwamkia. Tena lipo jambo zito kuliko hilo. Viatu vilipokuwa vikipotea msikitini, nilisimama baada ya sala ya isha nikamtaja kwa jina lake mbele ya jamaa. Baadaye ikabainika kuwa mwizi alikuwa mtu mwingine, mwenye kanzu safi. Kijana hakuingia msikitini tena, na mimi sikumtafuta.

Unga huu, yaani heroini, hutengenezwa kwa afyuni, na pwani yetu umeiingia tangu miaka ya 1980. Wazee wetu walikuwa na neno "uraibu", wakalitumia kwa tambuu na popoo, chokaa na tumbaku. Mtu alikuwa mraibu wa tambuu, na dunia ikaendelea. Uraibu wa unga si wa namna hiyo. Mwili wenyewe huuzoea hata ukawa hauwezi kutulia bila huo, na akili ya mtu hugeuzwa ikaona kuupata unga ni sawa na kupata pumzi. Ndiyo maana twamwona kijana aliyelelewa kwa heshima akiuza sufuria ya mama yake, kisha analia kweli kweli kwa kuiuza.

Jamaa zake walifanya yafanywayo na nyumba nyingi. Walimfungia katika chumba cha uani siku tisa. Arosto ikamshika siku hiyo hiyo ya kwanza: machozi na makamasi, matapishi, tumbo kumwendesha, mifupa kuuma kana kwamba yavunjwa. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali zaidi, na kwa wengi ndani ya wiki moja mwili hupoa. Ilipokwisha, walimfungulia, wakasoma hitima, wakala biriani, wakasema amepona.

Hapa ndipo nawaomba kila mzazi asome kwa makini. Arosto ikiisha, maradhi hayajaisha. Kilichoisha ni mazoea ya mwili tu. Ile hamu hubaki moyoni muda mrefu, na mwili, kwa kuwa umekaa bila unga, hauwezi tena kukistahimili kipimo ulichokizoea zamani. Kijana akirudia akavuta au akajidunga kiasi kile kile cha kwanza, pumzi huweza kukatika. Watu wengi hufa katika siku hizo baada ya kufunguliwa, au baada ya kutoka gerezani, wakati jamaa wanashukuru. Kijana wetu alikutwa msalani, midomo imegeuka rangi, anavuta pumzi moja moja. Jirani alimbeba mbio mpaka hospitali, na Mwenyezi Mungu akamrudisha. Mwenye kumkuta mtu katika hali hiyo asimtie chochote kinywani, wala asingoje kuita wazee. Amlaze ubavu na amkimbize kwa daktari, kwani iko dawa, naloksoni, ya kuirudisha pumzi, illa haingoji.

Baada ya hayo ndipo alipopelekwa Kidongo Chekundu, ambako tangu mwaka 2015 hutolewa dawa ya methadoni. Bara ilianzwa Muhimbili mwaka 2011. Hunywewa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi, na nguvu yake hukaa mchana na usiku. Ikipimwa sawasawa humwondolea mgonjwa arosto na ile hamu, bila kumlewesha, akaweza kula, kulala na kufanya kazi. Ami yake kijana aling'aka: "Huku ni kubadilisha ulevi kwa ulevi!" Sikumlaumu, nami nilisema hivyo hivyo zamani. Ni kweli dawa hii ni ya jamii ya afyuni, na si ya kuchezewa; kuichanganya na pombe au vidonge vya usingizi huua. Walakini mwenye kunywa dawa kwa kipimo cha tabibu, ili aache kuiba na kujidunga sindano, si sawa na mwenye kutafuta ulevi. Wengi huinywa mwaka na zaidi, kisha tabibu huipunguza kidogo kidogo. Mwenye kuikata ghafula kwa kuona haya hurudi kwenye unga.

Wengine hupitia nyumba za upataji nafuu, ambazo kwetu zilianza mwaka 2009, na humo wanaokaa nao wengi ni waliokwisha kuonja wenyewe. Hao husikilizwa kuliko sisi wenye vilemba.

Juu ya Ramadhani nimeulizwa mara nyingi. Mgonjwa ana ruhusa katika Sura ya Al-Baqara, aya 184 na 185. Kwa hivyo asiache dawa ili afunge. Kwanza amuulize tabibu kama saa ya kunywa yaweza kusogezwa, kisha amuulize mwanachuoni juu ya kulipa.

Wapo watakaosema kuwa nalegeza haramu. Hasha! Kila kileweshacho ni haramu, na unga wauingia mlango huo huo. Lakini tumesahau habari iliyopokewa na Bukhari, ya mtu aliyekuwa akiletwa mbele ya Mtume (S.A.W.) mara kwa mara kwa ulevi, akapigwa. Mmoja katika waliohudhuria akamlaani. Mtume akamkataza, akamshuhudia mlevi yule kuwa ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu haikuondolewa, wala mtu hakutolewa katika jamaa. Mimi nimeisomesha habari hiyo miaka mingi, na katika siku ya viatu haikunijia.

Kijana alirudia unga mara mbili baada ya kuanza dawa. Mara zote mbili mama yake alimrudisha kliniki asubuhi yake, bila kelele. Sasa ni mwezi wa kumi na nne hajagusa.

Mwezi uliopita nilimwomba aje msikitini. Akaja, akakaa safu ya nyuma, karibu na mlango. Baada ya isha nilisimama pale pale niliposimama zamani, nikamtaja kwa jina lake, nikasema kuwa nilimzulia, na kwamba namwomba msamaha mbele ya wale wale niliomfedhehesha mbele yao. Watu walinyamaza. Akasema, "Nimekusamehe, Maalim," kisha akaniomba ruhusa aondoke mapema, kwani alfajiri yampasa kuwahi dawa yake kabla ya kwenda kazini.