Hadithi Fupi ya Kila Siku

Nchi ya Ufipa iko juu ya uwanda mrefu baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Mji wake mkubwa, Sumbawanga, uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kipupwe baridi yake ni kali. Kwa hiyo tangu zamani watu wa huko walipenda kukaa karibu na moto jioni, na hapo motoni wazee walisimulia hadithi. Roy Willis, mtaalamu kutoka Uingereza aliyefanya uchunguzi Ufipa tangu mwaka 1962 hata 1964, alizisikiliza akaziandika, na mwaka 1978 kitabu chake cha hadithi hizo kilichapishwa. Jina alilokipa maana yake ni "Palikuwa na mtu mmoja."

Yaangalieni sana maneno hayo. Mtu huyo hakutajwa jina. Kama angalitajwa, kila msikilizaji angalisema, "Huyo si mimi." Lakini "mtu mmoja" aweza kuwa mtu ye yote, hata wewe unayesikiliza. Ukimwambia mwenzako, "Wewe mchafu," atakasirika, na hasira huziba masikio. Bali ukimsimulia habari za mtu mmoja, atacheka kwanza, kisha atanyamaza, na katika kunyamaza kule atajihukumu mwenyewe.

Sikilizeni hadithi mashuhuri ya Ufipa. Yasimuliwa ya kuwa zamani za kale mfalme wa Milansi, jina lake Ntatakwa, alikwenda kuwinda. Kabla ya kuondoka alimwonya mkewe kwamba wageni wakija, asiwape kiti cha enzi. Wakaja wanawake watatu wageni, naye mke akawaachia kiti kile. Mfalme aliporudi, alikuta nchi imekwisha kumtoka mkononi. Ukoo wa wageni wale ukatawala Ufipa, na wenyeji wa Milansi wakabaki na sehemu ndogo tu. Je, agizo lile halikuonekana dogo? Basi kila aisikiaye hadithi hiyo na ajiulize: "Mimi nimeagizwa neno gani nikaliona dogo?" Labda ni kuchemsha maji ya kunywa. Labda ni kufunika choo, au kulala mapema usiku wa kuamkia shule.

Si lazima hadithi iwe ya wafalme. Hii hapa nyingine, fupi zaidi:

Palikuwa na mtu mmoja aliyerudi kutoka shambani. Alilifuta jembe lake kwa majani mpaka likang'aa, akalitundika mahali pakavu lisishike kutu. Kisha akaketi kula, na mikono yake imejaa udongo ule ule. Mtoto wake akamwuliza, "Baba, jembe na tumbo, kipi chenye thamani zaidi?" Baba hakujibu. Akainuka, akaomba maji na sabuni.

Hadithi kama hiyo yasimuliwa kwa muda mfupi kuliko kuosha sufuria. Lakini isikiwapo mara moja tu, husahauliwa kesho yake, kwa kuwa mazoea mabaya hayaondoki kwa siku moja. Wakulima wa Ufipa watatufundisha jambo hili. Mvua zinapokaribia kwisha, hulima majani pamoja na udongo wake, na kuyafukia katika matuta ya mviringo yaitwayo intumba. Majani yale huoza polepole na kuurutubisha udongo, na katika msimu ufuatao matuta hutawanywa, ulezi ukapandwa. Aliyefukia leo havuni kesho. Kadhalika hadithi ya kila siku hufukiwa moyoni, na haba na haba hujaza kibaba.

Basi fanyeni hivi. Kila siku, nyumbani au darasani, isimuliwe hadithi moja tu, wala isizidi dakika tano. Ikiisha, msiseme neno kwa kitambo kidogo. Kisha kila mmoja ajiulize moyoni maswali matatu: Katika hadithi hii, mimi ni nani? Leo nimefanya kama yeye au sivyo? Kesho nitafanya jambo gani moja? Jambo hilo liandikwe kwa mstari mmoja katika daftari, nalo liwe dogo lenye kufanyika, kama kunawa mikono kabla ya kula. Siku ya saba, isomeni mistari yote mwone ni mingapi iliyotimizwa.

Lakini jihadharini. Hadithi si jiwe la kumtupia mwenzako. Jina la Sumbawanga hufasiriwa kuwa "tupa uchawi," na husemwa kwamba aingiaye mjini aliambiwa autupe alio nao. Hakuambiwa apekue mfuko wa jirani yake. Basi ukisikia habari za mtu mmoja mvivu, usimgeukie aliyeketi karibu nawe na kumkonyeza. Tazama mfuko wako kwanza.

MASWALI

1. Kwa nini mtu wa hadithi hatajwi jina?
2. Mfalme Ntatakwa alimwonya mkewe neno gani?
3. Hadithi ya kila siku yafananaje na intumba?
4. Tunga hadithi ya mistari mitano inayoanza, "Palikuwa na mtu mmoja." Iwe juu ya desturi unayotaka kuiacha wewe mwenyewe.