Ndege Juu, Reli Chini: Tuzitazame Pamoja na Watoto

Mwezi huu tunawaletea habari ya kitu kisichokula pesa: kutazama ndege na treni. Huko Ulaya kuna watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, ambao siku ya mapumziko wanasimama karibu na uwanja wa ndege na daftari mkononi wakiandika namba za ndege. Wengine wanapanda treni bila kuwa na safari yoyote, ili wapande tu! Wapo wanaowacheka. Sisi tunaona lipo jambo la kujifunza hapo.

Watoto wengi waliotoka upande wa Beni, wakapita Kasindi na Mpondwe mpaka Bwera, sauti ya ndege waliijua kwa njia mbaya. Injini ikisikika, mtoto anaacha sahani na kukimbilia ndani. Ukimwambia tu "usiogope", haisaidii sana. Mwambie ile ni nini, inabeba nani, inaenda wapi. Kitu chenye jina hakitishi kama kitu kisicho na jina.

Basi tuanze. Ndege nyeupe yenye herufi kubwa UN ni ya Umoja wa Mataifa. Ile ndogo yenye pangaboi moja mbele na mabawa yaliyokaa juu ya madirisha, ni ya aina inayoweza kutua kwenye viwanja vifupi kama cha Kasese, na mara nyingi aina hiyo hubeba watalii wa mbuga ya Queen Elizabeth. Ile ya mbali kabisa inayochora mstari mweupe ni ya safari ndefu, iko kama kilomita 10 juu. Mstari ule si moshi wala sumu, kama wengine wanavyosema. Ni mvuke wa maji unaotoka kwenye injini na kuganda kuwa barafu, maana huko juu baridi ni kali sana.

Tena kila ndege ina namba yake ya usajili, kama gari. Ya Uganda inaanza na 5X, ya Kongo 9Q au 9S, ya Kenya 5Y, ya Tanzania 5H. Mtoto akijua hayo, ndege ikipita chini anatafuta herufi, hatafuti pa kujificha.

Sasa treni. Wengi wetu hatukukua karibu na reli, maana Beni na Butembo hazina. Kumbe Kasese ipo! Ilifika mwaka 1956, ikitokea Kampala, safari ya kilomita kama 330. Ililetwa hasa kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Shaba ilipakiwa Kasese, ikapelekwa Jinja kuyeyushwa, na kutoka huko reli iliendelea mpaka bahari ya Mombasa. Mgodi ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 treni za Kasese nazo zikakoma. Majani yakaota. Lakini wazee wa Kasese waliosafiri nayo bado wapo. Kijana, kaa na mzee umuulize: tikiti mlikata wapi, mlilala wapi, mlikula nini njiani? Hiyo nayo ni kazi ya mpenda treni.

Kuna na hesabu ndani yake. Reli hii ya zamani ina upana wa mita 1 kamili kati ya chuma na chuma. Ya Kalemie na Lubumbashi ni mita 1.067. Reli mpya ya Mombasa mpaka Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, na ile ya umeme iliyofika Dodoma kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, zote ni mita 1.435. Ndiyo maana treni ya upana mmoja haiwezi kuingia tu kwenye reli ya upana mwingine. Mwambie mtoto achore vipimo hivyo vitatu chini kwa kijiti, aone tofauti.

Lakini jamani, tuwe na akili. Mwaka 2001, Waingereza 12 na Waholanzi 2 waliokuwa wakitazama ndege za kijeshi huko Ugiriki walikamatwa kama wapelelezi. Mwaka 2002 walihukumiwa, na baadaye mwaka huohuo rufaa ikawaachilia. Hao walikuwa watalii wenye pasipoti. Sisi je? Mpondwe ni mpakani, na tangu wanafunzi waliposhambuliwa pale Lhubiriha, Juni 2023, macho ni mengi. Basi usipige picha mpakani, uwanjani wala kwa askari. Ndege za jeshi na helikopta usiziandike kabisa. Tazama ukiwa nyumbani, ukiulizwa jibu kwa heshima. Reli nayo ni mali ya serikali: hata kama majani yameota, chuma chake si cha kuuza. Na reli yenye treni si njia ya kutembea wala uwanja wa kuchezea.

Na kupanda? Ndani ya Uganda, Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kutembea, ila kwa masharti yaliyowekwa, kwa hiyo karatasi zako ziwe mfukoni. Anayeota treni ya Mombasa ajue kwamba kuvuka mpaka kunataka hati ya kusafiria ya mkimbizi, inayoombwa kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu. Usidanganywe na mtu wa njia ya mkato.

Wazazi, jioni hii sauti ikisikika juu, msiwaite watoto ndani haraka. Tokeni nao, muulizane: mabawa yako wapi? Injini ngapi? Inaelekea wapi? Mtoto akijibu kabla yenu, mpigieni makofi. Tukutane mwezi ujao, tukiwa wazima.