Athari za Teknolojia ya Kurekodi katika Utendaji wa Wimbo wa Kimaa Mkoani Arusha

1. Utangulizi

Mjadala kuhusu teknolojia ya habari na sanaa za jadi umejikita zaidi katika swali la iwapo teknolojia hiyo inaziua au inazihuisha. Makala haya yanajenga hoja kwamba kila chombo hubeba sehemu ya utendaji inayolingana na uwezo wake na kuiacha nyingine. Hivyo, athari yake hubainika kwa kutazama kilichoachwa. Hoja hii inafafanuliwa kwa kutumia wimbo wa wazungumzaji wa Kimaa mkoani Arusha, wakiwemo Waarusha wanaolima na kufuga katika miteremko ya Mlima Meru na nyanda zilizo chini yake, kama vile Nduruma.

2. Chombo na Mipaka Yake

Mifano miwili ya awali inaangaza suala hili. Nchini China, filamu ya Dingjun Shan ya mwaka 1905, inayotambuliwa kuwa ya kwanza kutengenezwa na Wachina, ilimwonesha Tan Xinpei, mwimbaji mashuhuri wa opera ya Peking. Kwa kuwa filamu za wakati huo hazikuwa na sauti, sanaa ambayo uimbaji ni mhimili wake iliwafikia watazamaji ikiwa miondoko na mapigano tu. Santuri ilifanya kinyume chake. Siti binti Saad na wenzake waliporekodi Bombay mwaka 1928, upande mmoja wa sahani ulibeba dakika chache tu, ilhali mbele ya hadhira wimbo wa taarabu huweza kurefushwa kadiri wasikilizaji wanavyoupokea. Sauti ya Siti ilisafiri pwani nzima, lakini majibizano yake na hadhira hayakuweza kuingia katika sahani.

3. Muundo wa Wimbo wa Kimaa

Katika utendaji wa jadi, wimbo huongozwa na mwimbishaji, aitwaye olaranyani, naye huitikiwa na kundi. Ngoma haipigwi. Mapigo hutokana na sauti nzito za kooni zinazotolewa na kundi kwa kufuata pumzi, pamoja na mwendo wa miili na kuruka kwa vijana. Kwa hiyo, kundi ndilo linalobeba mwendo wa wimbo: likichangamka, wimbo hushika kasi, likichoka, hulegea. Mpaka kati ya fanani na hadhira ni mwembamba, kwani aliyesimama pembeni huweza kuingia na kuitikia.

4. Wimbo Studioni

Kundi la X Plastaz la Arusha, lililotoa albamu ya Maasai Hip Hop mwaka 2004, liliunganisha ufokaji wa Kiswahili na uimbaji wa Kimaa wa Yamat Ole Meipuko. Kazi hiyo iliupa uimbaji huo nafasi katika muziki wa kizazi kipya na kuufikisha kwa wasikilizaji wa mbali. Hata hivyo, mfumo wa studio una masharti yake. Pale mapigo yanapotolewa na kompyuta kwa kasi isiyobadilika, sauti za kundi hupoteza jukumu la kuendesha wimbo na kuwa pambo. Sauti ya mwimbishaji hubaki, lakini uhusiano wake na waitikiaji hubadilika, kwa kuwa sasa wote huifuata mashine.

5. Wimbo katika Simu

Simu ya mkononi imelegeza baadhi ya masharti hayo. Wimbo wa harusi au wa sherehe ya jando unaweza kurekodiwa kwa muda mrefu, ukiwa na kundi zima na makosa yake, kisha ukatumwa kwa ndugu walio mbali. Lakini ndugu hao husikiliza bila kuitikia, na kipande kikisambazwa zaidi hukatwa, mara nyingi pasipo jina la mwimbishaji, mahali wala tukio.

Upungufu huo una uzito wa kisheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi dhidi ya matumizi ya kibiashara yasiyoidhinishwa, nje ya muktadha wake wa kimila. Ulinzi huo ni mgumu kudaiwa pale ambapo rekodi haioneshi wimbo ulitoka kwa jamii gani wala uliimbwa katika tukio lipi.

6. Hitimisho

Mifano iliyojadiliwa inaonesha kwamba sauti ya mwimbishaji husafiri kwa urahisi, ilhali kazi ya kundi ndiyo inayoachwa kwanza. Mtafiti anayetegemea rekodi za studio pekee anaweza kuhitimisha kimakosa kwamba wimbo wa Kimaa ni sanaa ya fanani mmoja. Ni muhimu, kwa hiyo, rekodi za utafiti zichukue utendaji mzima tangu kundi linapokusanyika hadi linapotawanyika, zitaje waimbaji kwa ridhaa yao, na nakala zake zirejeshwe kwa jamii husika. Vijana wa Nduruma watakaojifunza kutokana na nakala hizo watahitaji kusikia jinsi ya kuitikia, si jinsi ya kuongoza tu.