Hedseti ya USB: kifaa kidogo chenye kazi kubwa

Wakalimani wa Kiswahili wanaofanya kazi kwa njia ya intaneti wakiwa majumbani mwao, nchini Marekani na kwingineko, mara nyingi hutakiwa kuwa na hedseti ya USB, yaani spika za masikioni zilizounganishwa na kipaza sauti. Je, kwa nini kifaa hicho, na kinatumiwaje?

Mkalimani aliye kati ya daktari na mgonjwa asiowaona hana la kutegemea ila sikio. Mgonjwa akitaja figo, naye akasikia pigo, maelezo yatakayomfikia daktari yatakuwa mengine kabisa. Hali ni hiyo hiyo kwa anayezungumza na mzazi wake aliyeko Mombasa au Bukavu: saba na shaba, thamani na samani, ni maneno yanayotenganishwa na sauti moja tu.

Sauti za f, s, sh na th zina mitetemo ya kasi. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde, ilhali simu za kawaida za zamani zilipitisha kati ya 300 na 3,400 pekee. Mazungumzo ya intaneti yanaweza kupitisha zaidi ya hapo. Lakini sauti ikiharibika kabla ya kutoka chumbani, ni vigumu kuirekebisha njiani.

Tofauti iko wapi?

Kwa desturi, hedseti nyingi za kompyuta zilikuwa na pini mbili: ya kijani kwa spika na ya waridi kwa kipaza sauti. Sauti ya msemaji husafiri katika waya huo ikiwa umeme dhaifu, na kompyuta ndiyo huikuza na kuigeuza kuwa tarakimu. Ndani ya kompyuta mna vifaa vingi vya umeme, na baadhi ya mashine huchanganya mvumo wao na sauti hiyo.

Hedseti ya USB ina kadi yake ya sauti. Sauti hugeuzwa kuwa tarakimu nje ya kompyuta, hivyo huingia ikiwa imekingwa na mvumo huo.

Namna ya kuitumia

Chomeka waya moja kwa moja kwenye tundu la USB la kompyuta. Kwa kawaida kompyuta huitambua hedseti yenyewe, bila kuhitaji programu ya ziada. Kisha fungua mipangilio, uingie sehemu ya sauti. Hapo kuna chaguo mbili: kifaa cha kusikilizia na kifaa cha kusemea. Chagua hedseti katika zote mbili, kwani wengi huchagua ya kwanza na kuisahau ya pili, wakabaki wakisikia bila kusikika vizuri.

Programu ya mazungumzo nayo huwa na mipangilio yake, na huenda bado inatumia kipaza sauti cha kompyuta. Ikaguliwe pia. Ikiwa sauti haitoki kabisa, tazama kitufe cha kunyamazisha kwenye waya, halafu hakikisha kwamba kompyuta imeiruhusu programu hiyo kutumia kipaza sauti. Yote yakishindikana, jaribu tundu jingine.

Kipaza sauti kikae kando ya pembe ya mdomo, umbali wa vidole viwili hivi. Kikiwa mbele ya mdomo hasa, pumzi ya herufi p na b hukipiga na kuleta kishindo. Kabla ya mazungumzo, jirekodi kwa nusu dakika, kisha usikilize.

Kulinda masikio

Kwa mtu mzima, Shirika la Afya Duniani linapendekeza asizidishe saa 40 kwa wiki za kusikiliza sauti ya desibeli 80, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo muda huo unavyopungua. Anayefanya kazi na hedseti kutwa nzima hana budi kuanza na sauti ya chini, kuipandisha taratibu, na kuyapumzisha masikio mara kwa mara. Hedseti ikiharibika hununuliwa nyingine dukani. Usikivu uliopotea kwa kelele haurejei.