Mkanda wa Mashine ya Kukereza: Usilegee, Usibane

Musaga ni mtaa wa kusini ya Bujumbura, na hapo ndipo barabara nambari 7 inapoanza kupanda milima kuelekea Ijenda. Gari lenye mzigo likishuka mteremko ule, usalama wa waliomo humtegemea dereva na breki zake. Lakini hutegemea pia vipande vya chuma ambavyo abiria hakioni hata kimoja: pini za springi, bushi na bolti. Kipuri kinapokosekana dukani, fundi hukichonga kwa mashine ya kukereza vyuma. Na mashine hiyo, hasa iliyo kongwe, huzungushwa na kitu kinachodharauliwa na wengi, yaani mkanda.

Ndugu msomaji, huenda wewe ni mlinzi wa lango au askari wa trafiki, nawe hujapata kushika spana. Hata hivyo mkanda huo unakuhusu, kwa kuwa unalipanda gari lilelile.

Mwingereza Henry Maudslay alipounda mashine yake ya kukereza skrubu, yapata mwaka 1800, aliwapa mafundi uwezo wa kurudia kipimo kimoja mara nyingi bila kukosea. Kanuni ya mashine hiyo haijabadilika: chuma huzunguka, na kisu kilichoshikwa imara hukikata. Mwendo ukiyumba, kipimo nacho huyumba.

Tuchukue mfano. Mota ya mizunguko 1,440 kwa dakika yenye puli ya milimita 80 ikivuta puli ya milimita 240, mhimili utazunguka mara 480. Kwa pini ya chuma laini yenye kipenyo cha milimita 20, mwendo huo wafaa. Kipande cha milimita 60 huhitaji mizunguko 160 tu, na hapo fundi huuhamishia mkanda kwenye ngazi nyingine ya puli. Lakini hesabu hiyo yote ni kweli endapo mkanda hautelezi. Mkanda wa aina hii hauna meno. Hushika kwa msuguano peke yake.

Mkanda uliolegea huteleza mara kisu kinapouma chuma. Hulia, hupata moto, na mbavu zake hung'aa kama kioo. Uso wa pini hutoka na mawimbi. Pini iliyopaswa kuingia kwa kubana huingia ikicheza, nayo ikicheza hulipanua tundu lake siku hadi siku, mpaka inakatika mteremkoni.

Wengi hudhani dawa yake ni kukaza hadi mwisho. Hilo ni kosa kubwa zaidi. Mkanda uliobana mno huuvuta mhimili upande mmoja, beringi huchemka na kulika, na mhimili huanza kucheza. Mkanda mpya waweza kununuliwa mjini. Beringi za mashine ambayo kiwanda chake kilikwisha fungwa ni taabu kuzipata.

Basi kazi hii yataka utaratibu. Kwanza, zima swichi kuu na uchomoe plagi, nayo ikae mahali unapoiona. Katika jiji ambalo umeme hukatika na kurudi bila kubisha hodi, mashine iliyonyamaza si lazima iwe imezimwa. Mikono ya shati ikunjwe, na kamwe usiuzuie mkanda unaozunguka kwa kiganja.

Pili, kagua mkanda. Mkanda wa umbo la V hushika kwa mbavu zake. Kitako cha mfereji wa puli kikiwa kinang'aa, ni dalili kwamba mkanda au puli imelika. Ikiwa mikanda ni miwili au mitatu pamoja, ibadilishwe yote kwa mara moja, maana ule mpya hautakuwa na urefu sawa na wa zamani, na mzigo hautagawanyika sawa.

Tatu, weka rula ndefu ubavuni mwa puli zote mbili. Ikiwa puli zina unene mmoja, rula iziguse mahali pane. Zikipishana, mkanda utalika upande mmoja hata ukikazwa vizuri.

Nne, legeza bolti za mota, uisogeze, kisha bonyeza mkanda katikati kwa nguvu ya kiasi. Ushuke yapata milimita 16 kwa kila mita moja ya nafasi iliyo wazi kati ya puli. Nafasi ikiwa sentimita 40, basi milimita 6 zatosha. Kaza bolti, kisha upime tena, kwa kuwa mota huweza kusogea wakati wa kukaza.

Tano, washa mashine bila mzigo, usikilize. Mkanda mpya hunyooka saa za kwanza za kazi, kwa hiyo hapana budi kuupima tena jioni ya siku ileile.

Mashine za kale zaidi hutumia mkanda bapa wa ngozi. Upande wake laini ndio huwekwa kwenye puli, nao ukirefuka hukatwa kidogo na kuungwa upya. Hapa wapo wanaopaka sabuni au utomvu ili kelele ikome. Mkanda ukilia, usiuzibe mdomo; uulize unaumwa wapi. Aghalabu utakuta mafuta yaliyomwagika, puli iliyopinda, au kisu kisichonolewa.

Kazi yote hii haimalizi hata nusu saa. Askari aliyezoea kusafisha bunduki yake kabla haijapata kutu hahitaji kuelezwa maana ya nusu saa hiyo. Tunachoomba ni kwamba kila karakana iwe na daftari la mashine: tarehe, hali ya mkanda, na jina la aliyeupima. Jina likiandikwa, mkono hupima kwa makini zaidi.