Kupanda mti si kazi, kazi ni kuulea

MSOMAJI, jaribu jambo moja siku utakapokuwa mjini Embu au Meru wakati wa kiangazi. Saa nane za mchana, tembea juani kwenye lami kwa muda wa dakika tano, kisha usimame chini ya mjakaranda mkubwa au mti wowote wenye matawi mapana. Ngoja kidogo. Jasho litaanza kukauka, uso uliokuwa umeukunja utakunjuka, na hata pumzi utaivuta vizuri zaidi.

Hiyo si raha ya bure. Ni mwili wako uliopunguziwa kazi.

Joto linapozidi, moyo hulazimika kusukuma damu nyingi hadi kwenye ngozi ili mwili upoe. Nawe hupoteza maji na chumvi kwa jasho. Kijana mwenye afya huenda asione taabu kubwa. Lakini mzee, mama mja mzito, mtoto mchanga, au mtu mwenye maradhi ya moyo, figo, shinikizo la damu au kisukari anaweza kuzidiwa upesi. Sasa mfikirie mama anayeuza ndizi na mboga kando ya barabara karibu na soko la Gakoromone mjini Meru, ambaye hukaa mahali pamoja kuanzia asubuhi hadi jioni. Mwavuli wake wa rangi rangi ndio mti pekee alio nao.

Mti humsaidia mtu kwa njia mbili. Kwanza, matawi huzuia miale ya jua isifike kwenye lami, mabati na kuta za mawe, vitu ambavyo huweka joto na kulitoa polepole hata baada ya jua kutua. Pili, mizizi huvuta maji kutoka ardhini na majani huyatoa hewani kama mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Ni jambo lile lile linalofanya maji ya mtungi wa udongo yawe baridi kuliko maji ya ndoo ya plastiki.

“Kwetu ni baridi”

Huenda ukasema kwamba mambo ya joto ni ya Mombasa na Garissa, na kwamba sisi tulio miguuni mwa Mlima Kenya hatuna haja ya kivuli. Ni kweli kwamba Juni na Julai ukungu hutanda na watu huvaa makoti. Lakini usisahau kwamba mji wa Meru uko karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Machi na Septemba jua la adhuhuri husimama juu ya utosi. Upepo wa mlimani hutudanganya tu tusisikie makali yake.

Isitoshe, miji hii si ile ya zamani. Embu ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, na tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, Meru na Embu zote mbili zimekuwa makao ya kaunti zao. Ploti iliyokuwa na nyumba moja na miti minne leo ina jengo la ghorofa na uwanja wa kuegesha magari uliotandikwa kabro hadi ukutani. Maji ya mvua hayana pa kuingia, na jua halina cha kulizuia.

Mijakaranda ya Embu inajulikana na wasafiri wengi, hasa mwezi wa Oktoba na Novemba inapochanua maua ya zambarau. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na ililetwa Kenya enzi za ukoloni. Lakini mti nao huzeeka. Kila mjakaranda mkongwe unaoanguka au kukatwa pasipo kuwekewa mrithi huacha pengo ambalo mche wa leo utalijaza baada ya miaka mingi.

Dawa isiyouzwa dukani

Wataalamu wa afya wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1984 Roger Ulrich wa Marekani alichapisha uchunguzi juu ya wagonjwa waliopasuliwa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya jimbo la Pennsylvania. Waliolala karibu na dirisha lililoelekea miti walitoka hospitalini mapema na walihitaji dawa chache kali za maumivu kuliko wenzao ambao dirisha lao lilitazama ukuta wa matofali.

Mwaka 2023 jarida la utabibu la The Lancet lilichapisha uchunguzi mwingine uliohusu miji 93 ya Ulaya. Watafiti walikadiria kwamba, kama kivuli cha miti kingefikia asilimia 30 ya eneo la miji hiyo, zaidi ya thuluthi moja ya vifo vilivyotokana na joto la ziada la mjini ingeepukwa.

Kuna pia suala la kutembea. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 au zaidi kila wiki, yaani kama dakika 30 kwa siku tano. Kutembea haraka kunatosha. Lakini ni nani atakayetembea kwa hiari kwenye njia isiyo na kivuli, yenye vumbi na moshi wa matatu? Watoto nao wakikosa mahali pa kucheza nje hujifungia ndani, na imethibitika kwamba watoto wanaokaa nje zaidi hawapatwi sana na tatizo la macho yasiyoona vitu vya mbali.

Msitu wa mlimani hautoshi

Watu wa Meru wana Msitu wa Imenti mlangoni mwao, na wa Embu wana Msitu wa Njukiri pembeni mwa mji. Ni utajiri mkubwa, na umewahi kuponea chupuchupu. Mwaka 1999 uchunguzi uliofanywa kwa ndege ulionyesha uharibifu wa kutisha katika misitu ya Mlima Kenya, Imenti na Ngare Ndare. Miti ya asili ilikuwa ikikatwa na makaa kuchomwa.

Hata hivyo, msitu ulio mbali hauwezi kumfunika kivuli yule mama wa ndizi, wala mgonjwa anayengoja zamu yake nje ya zahanati. Ndiyo sababu mtaalamu wa miti ya mijini, Cecil Konijnendijk, alipendekeza mwaka 2021 kipimo chepesi kukumbuka: 3, 30, 300. Kila mtu aone angalau miti 3 kutoka nyumbani kwake. Kila mtaa uwe na kivuli cha miti cha asilimia 30. Na kila makao yasiwe mbali zaidi ya mita 300 na bustani ya umma. Leo jioni, simama mlangoni pako ukaihesabu. Je, unafika mitatu?

Miche hufa wapi?

Serikali imeweka shabaha ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa siku ya mapumziko ili watu wapande miti. Hilo ni jema. Lakini wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mche wa mjini hupandwa kwa hotuba na picha, kisha wenye hotuba hupanda magari yao wakaenda. Wa kwanza kuutembelea ni mbuzi. Wa pili ni mwendesha bodaboda anayeuegemezea pikipiki. Wa tatu ni kiangazi cha Januari.

Ikiwa unataka mche uishi, panda mvua zinapoanza, Machi au Oktoba, ili mizizi ipate miezi miwili ya kushika. Uzungushie miti na waya mbuzi asiufikie. Mvua zikiisha, umwagilie maji ya kutosha kila wiki, na ufanye hivyo kwa viangazi viwili vya kwanza. Weka matandazo ya majani makavu kuuzunguka, lakini yasiguse shina, kwani gome likilowa daima huoza.

Mti mkubwa nao huuawa na watu bila wao kujua. Huchomewa takataka kwenye shina, hupigiliwa misumari ya mabango, au huzungushiwa saruji hadi ukakosa maji na hewa. Wengine huukata kichwa chote wakidhani wanaupogoa. Mti uliokatwa kichwa huchipua matawi mengi dhaifu yaliyoshikilia juu juu, na hayo ndiyo yatakayomwangukia mtu siku ya upepo. Kupogoa kwa kweli ni kuondoa tawi lililokauka au linalogusa nyaya, na kulikata pale linapoungana na shina bila kulijeruhi shina lenyewe. Kazi ya karibu na nyaya za umeme waachie wenye vifaa na ujuzi.

Neno moja kwa wanaotafuta dawa. Gome la muiri, ambao Waembu na Wameru wengine huuita mwiria, limetumika kutengeneza dawa za uvimbe wa tezi dume, na kwa sababu ya kuwindwa mno mti huo umewekwa chini ya ulinzi wa biashara ya kimataifa tangu mwaka 1995. Ukiubambua gome pande zote, mti hufa. Mzee anayepata shida ya kukojoa aende hospitali akapimwe, kwani dalili hizo huweza pia kuwa za saratani.

Hofu za wananchi

Wako wanaoipinga miti, na hoja zao hazifai kupuuzwa. Wanasema huleta mbu. Ukweli ni kwamba mbu wa malaria hutaga mayai katika maji yaliyotuama, si kwenye majani mabichi. Fukia mashimo na zibua mitaro kabla ya kushika shoka. Wanasema wezi hujificha vichakani. Basi vichaka vifyekwe viwe vya chini ya kiuno, matawi ya chini ya miti yaondolewe ili mtu aone mbali, na taa ziwekwe. Wanasema mizizi huvunja kuta na mabomba. Hapo kosa huwa la aliyechagua mti.

Mugumo ni mti wa heshima, lakini mizizi yake yataka uwanja mpana, si kando ya ukuta wa duka. Mikaratasi, kwa kiu yake kubwa, haifai karibu na mito wala mabomba. Kwa barabara pana na bustani tunayo miti yetu: muringa, mukinduri, na muuru, ule ambao duniani kote hujulikana kwa jina la Meru. Pia si vizuri kuziba barabara nyembamba yenye magari mengi kwa matawi mazito, kwani moshi hubaki chini ukivutwa na wapita njia.

Mwenye mti ni nani?

Zamani jibu lilijulikana. Msitu wa Giitune, usio mbali na mji wa Meru, ulihifadhiwa kwa miiko ya wazee, na aliyethubutu kuukata alijua kwamba atajibu. Leo miiko imelegea, lakini sheria ipo. Katiba ya mwaka 2010 inaitaka serikali ifikishe miti katika asilimia 10 au zaidi ya ardhi ya nchi, na inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinamruhusu mwananchi kwenda mahakamani kuyatetea mazingira bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Nayo Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inazitaka kaunti ziwe na bustani za umma, na wajenzi wa mitaa ya nyumba watenge misitu midogo isiyopungua asilimia 5 ya eneo lote. Unapoonyeshwa ramani ya mtaa mpya, uliza: asilimia 5 iko wapi?

Kuuliza kunafaa. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Alitukanwa, lakini jumba halikujengwa. Mwaka 2020 wananchi walipiga kelele kuhusu mugumo wa zaidi ya miaka 100 uliokuwa kando ya Waiyaki Way, kwenye njia ya barabara mpya. Mti ulibaki.

Nasi wa Meru na Embu hatuhitaji kungoja vita vikubwa kama hivyo. Wenye maduka sita mtaa mmoja wanaweza kuchukua miti sita, kila mmoja mti wake, na ndoo yake ya maji. Shule inaweza kulipa kila darasa mti mmoja, na darasa likihama wengine wakaurithi. Chama cha bodaboda kinaweza kuutunza mti wa kituo chao, kwani wao ndio wa kwanza kukimbilia kivuli chake.

Na ukipita karibu na mche uliopandwa kwa sherehe mwaka jana, msomaji, simama uutazame. Kama majani yamenyauka, usiulize ni wa nani. Nenda ukauletee maji.